Kidole Gumba

Jumapili, 14 Desemba

Tuko saba mashuani, wiki nzima kulala humu na kujifunza kuzamia. Saba! Nani alipanga wanafunzi saba, wakati kila mzamiaji lazima awe na mwenzi? Nimebaki mimi, kama kawaida. Nikapewa mwalimu. Dada Maasha ni mwema, ila chini ya maji huwaangalia wengine, mimi namwangalia visigino.

Naufa, mgeni kutoka visiwa vya Addu, kapangwa na Raaif. Raaif! Kila kiogeleacho yeye hukiita “samaki”, basi, na watu wanacheka.

Dada Maasha alirudia ishara zote. Kidole gumba juu si “poa”. Ni “tupande”. Mmoja akiinua, mwenziwe anapanda naye, hakuna kuulizana. Raaif alikosea mara mbili. Nilicheka moyoni. Mtoto gani hajui hilo?

Mbinu: kesho tunaorodhesha samaki tuliowaona. Najua majina arobaini na moja, kwa Kidhivehi chetu na kwa Kiingereza. Naufa akisikia, atanitaka mwenyewe niwe mwenzi wake.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimewaandika wote kwenye ubao wangu wa kuandikia majini. Pono, kikande, mkunga, wote. Tulipopanda nikajiandaa kuwasoma kwa sauti. Nikabaki nauinua na kuushusha ubao. Raaif alikuwa nyuma yangu anakausha nywele. Akachungulia begani kwangu, akawasoma mmoja mmoja, kama mtangazaji wa mpira. Hata mkunga niliyemkosea herufi, kamsoma na kosa langu!

Naufa akamwambia, “Kumbe we Raaif una kichwa!” Akajibu eti samaki ni jamaa zake.

Baba kapiga simu ya video kutoka kisiwa cha watalii anakofanya kazi. Mtandao ukasuasua. Tukafanya kama siku zote: yeye kidole gumba, mimi kidole gumba. Maana yake nipo, nakuona. Miezi mitano sasa hatujamaliza sentensi.

Jumanne, 16 Desemba

Mbinu ya pili. Kabla ya chai nikaficha pezi la Raaif chini ya gunia la vitunguu. La bluu, la mguu wa kushoto. Bila pezi hazami, na mwenzi wake anakuwa wangu. Safi kabisa.

Lilikuwa langu.

Na siwezi kusema lilipo bila kusema nani kaliweka! Wenzangu wakazama. Nikabaki na mpishi, Kaka Waheed, tunamenya vitunguu. Tukamenya mpaka gunia likalegea. Akalivuta pezi, akanitazama, akaniuliza, “Binti, na hili tulikaange?”

Machozi nikayasingizia vitunguu.

Jumatano, 17 Desemba

Mungu mkubwa! Raaif ana mafua. Masikio yameziba, haruhusiwi kuzama. Sikufanya kitu, naapa.

Mita kumi na mbili chini, Naufa akanigeukia. Akaweka vidole vyake viwili vya shahada ubavu kwa ubavu: wewe na mimi, pamoja. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Moyo ukanijaa. Nilitaka kumjibu nipo, nakuona.

Nikainua kidole gumba.

Akatoa macho. Lakini kanuni ni kanuni. Akanishika mkono, tukapanda. Tulikuwa tumezama dakika nne tu! Raaif akapiga kelele kutoka mashuani, “Mmesahau funguo?” Tukaingiza nyuso majini, tukamwona samaki taa mkubwa, anapunga mabawa kama mkeka unaokung’utwa, anawapitia wenzetu wanne na Dada Maasha vichwani. Wao kwa wao wakashikana mikono. Naufa akamfuata kwa macho mpaka akapotea.

Alhamisi, 18 Desemba

Naufa kanifuata jikoni, chini, na chai vikombe viwili. Viwili! Akauliza kama jana nilikuwa naumwa. Ningeweza kusema kweli. Nikaitikia kwa kichwa, nikagusa sikio. Dada Maasha alikuwa mlangoni. Kanipiga marufuku kuzama mpaka tufike bandarini Malé.

Naufa akasema, “Pole, mwenzangu. Basi mwakani tuzame wote, mimi na wewe. Unasemaje?”

Mwenzangu! Kaniita mwenzangu.

Nikainua kidole gumba.

Akanitazama. Akatazama juu. Akachukua kikombe chake, akapanda sitahani.

Kesho nitamweleza kila kitu. Nimeshaanza kubuni ishara.