Madoa ya Chai Darini

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye nyumba anauza! Nyumba nzima, milango sita, na mlango wa tatu nimepanga mimi. Ametutangazia uani: atakayemwahi na fedha ndiye mwanawe. Akinunua mgeni, tutatimuliwa sote. Nina akiba ya miaka minne ya ukarani na nakala tatu za kila hati, zote zimegongwa mihuri. Ujasiri ndio sina. Hata hivyo nitanunua. Nimeamua!

Jumanne, 4 Machi
Benki. Viganja vilitoka jasho hadi fomu ikalowa. Ofisa mikopo, dada mpole, alieleza kwamba wao hutoa asilimia themanini ya thamani ya nyumba, nami nitoe iliyobaki; kodi za wapangaji zitalipa marejesho. Nilipiga hesabu mara tatu. Akiba haifiki. Basi bei ishuke! Akauliza kama nina swali. Nikasema sina, shikamoo. Ni rika langu.

Jioni Mama Fundi, mshonaji wa mlango wa nne, alinisimamisha uani. Huniita Bwana Mihuri. Alisema nyumba hii tuijadili pamoja, kidole kimoja hakivunji chawa. Sina chawa. Nikaingia ndani.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango! Nyumba mbovu haina bei. Nimechemsha chai ya rangi sufuria nzima, nikatia sukari ili ishike, nikapanda kiti na kupaka dari madoa kama ya paa linalovuja. Chumbani kwangu, kisha ukumbini. Kazi ya kikarani: hata kingo zimenyooka. Wapangaji waligonga mlango mara mbili. Sikufungua; nilibaki juu ya kiti, sufuria mkononi.

Nikamwita mwenye nyumba. Alishika kichwa. Paa nililiezeka mwaka jana tu, mwanangu! Akashusha bei palepale. Nikaiandika bei mpya, nakala tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Mthamini wa benki amekuja! Nilimwomba mwenyewe, Jumanne, fomu ukurasa wa pili. Akamulika dari kwa tochi, akatikisa kichwa, akaandika. Nikamnong'oneza kwamba ni chai tu. Akauliza chai inapandaje darini. Nikamwonyesha sufuria, naye akaendelea kuandika.

Mwenye nyumba alikuwa mgongoni mwangu. Akapanda kiti, akagusa doa, akalamba kidole. Ina sukari! Akaniuliza kama mama yangu anajua nimekuwa hivi. Bei imerudi ilipokuwa.

Jumatatu, 10 Machi
Ripoti: paa bovu, thamani nusu, mkopo nusu. Nimekwisha.

Nyumba imenunuliwa. Na Mama Fundi! Yeye na wapangaji wengine wanne, kwa mkopo wa chama chao cha kuweka na kukopa. Alhamisi walikuwa wakinigongea nijiunge. Sasa nyumba ina wenyewe watano na mpangaji mmoja. Nilianza kufunga mizigo. Mama Fundi alicheka hadi akashika ukuta. Bwana Mihuri, nani kakufukuza? Kaa, mwanangu. Ila dari utaipaka rangi mwenyewe.

Nimepaka tangu saa kumi. Kutoka juu ya kiti, dirishani, naiona nyumba ya jirani. Milango minane. Kuna kibao: INAUZWA.

Nimetafakari sana kosa langu. Sasa nimelielewa.

Sukari.

Safari hii nitapaka chai isiyo na sukari.