Kamati ya Kuhakiki Wokovu na Safari ya Viti

Kiti cha Mama Fundi kilikuwa kimeshafika mlangoni, juu ya kichwa changu, miguu ikitazama dari, wakati Mwenyekiti anatangaza kwamba kanisa letu limeingia zama mpya.

"Kuanzia leo," alisema, "hakuna tena kubahatisha. Aliyeokoka atajulikana. Aliyeupoteza wokovu atajulikana pia, na ataondoka kwa utaratibu."

Watu wakapiga makofi. Mama Fundi naye alijaribu kupiga, ila mikono yake ilikuwa imejaa mto wa kiti.

Niseme mapema kwamba katika jambo hili mimi sikuwa mtu wa pembeni. Nimezunguka miji mingi, nimefanya kazi za kila namna, na shule nimeisoma kwa vipande, darasa moja huku, jingine kule. Lakini sijawahi kupewa cheo kirefu kama kile: Kaimu Msimamizi wa Mwendo wa Viti, Kamati ya Kudumu ya Uhakiki na Udhibiti wa Wokovu. Kabla ya hapo nilikuwa naitwa tu "Babu, hebu njoo."

Utaratibu wa pale ulikuwa hivi. Kila mtu anapookoka huja na kiti chake kutoka nyumbani, na hicho kiti hakirudi tena. Kuna vya plastiki, kuna vya mbao, kuna cha kukunja, na kimoja cha ofisini chenye magurudumu ambacho mwenyewe ni kinyozi na hajawahi kueleza alikitoa wapi. Ukitaka kujua nani ni wa kanisa, hutazami watu, unatazama viti.

Sasa, kwa miaka mingi waumini walikuwa wanabishana: mtu aliyeokoka akitenda dhambi, wokovu wake unapotea au haupotei? Muuza mkaa alisema haupotei, ukiokoka umeokoka. Fundi viatu alisema unapotea, tena bila kuaga. Walibishana kindugu mpaka wakaacha kusalimiana. Mchungaji alikuwa akiwasikiliza, anacheka, anawamiminia chai. Kisha Mchungaji akasafiri kwenda kuwatembelea waumini wa mbali, akamwachia funguo Mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa ofisi kubwa, na swali lisilo na kamati lilikuwa linamnyima usingizi.

Kamati ikaundwa, ikakaa, ikaamua kwamba wokovu unapotea. Ikaamua pia kwamba upotee kwa mpangilio. Anayeupoteza, kiti chake kinahamishiwa kibarazani. Wa kibarazani anaruhusiwa kusikia, ila haruhusiwi kusimamia lolote: hasomi neno, hashiki mtoto anayebarikiwa, hasindikizi bibi harusi.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Mama Fundi. Binti yake wa pekee alikuwa anafunga ndoa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Baba wa binti alishatangulia mbele ya haki, na wa kumshika mkono hadi mbele alikuwa mama yake tu.

Kesi yenyewe niliisikia yote, maana msimamizi wa viti hukaa karibu na mlango. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mlalamikaji, na ili kuokoa muda akawa pia hakimu.

"Ulinambia suti yangu ya kuzindulia Kamati itakuwa tayari Ijumaa," alisema.

"Nilikwambia njoo Ijumaa, mzee wangu. Na ulikuja, nikakukaribisha."

"Nilikuta ina mkono mmoja."

"Lakini ule mmoja ulikuwa umekaa vizuri."

Katibu wa Kamati, kijana mwenye tai, akakohoa. "Mama Fundi, jibu kwa ufupi. Wakati unamwambia Ijumaa, ulijua haitakuwa tayari?"

"Mwanangu, fundi gani hajui."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Ni uongo," alisema Mama Fundi. "Nimekosa. Nilishamwambia Mungu jioni ileile, nikalala. Na wewe mzee nisamehe. Suti yako imekamilika, mikono yote ipo, ichukue."

"Toba yako imepokelewa," Mwenyekiti alijibu kwa upole wa kiofisi. "Itafanyiwa kazi. Kipindi cha uangalizi ni mwezi mmoja."

"Mwezi? Mwanangu anaolewa wiki ijayo."

"Kamati haipangi tarehe za ndoa za watu."

Mama Fundi akashika mgongo wa kiti chake. "Sawa, mzee. Ila niulize. Huo wokovu sikupewa na Kamati. Kamati inauchukuaje?"

Wajumbe wakatazamana. Katibu akasema swali ni zuri sana na litaingia kwenye Mengineyo. Mengineyo yakaahirishwa kwa ufinyu wa muda. Nami nikainua kiti.

Kibarazani nilimwekea mahali pazuri, karibu na dirisha. Siku mbili alikaa tu, mikono mapajani. Siku ya tatu alileta cherehani yake, akawa anashona gauni la harusi palepale huku akisikiliza ibada za kila jioni kupitia nondo za dirisha. Binti yake akaja kujaribu gauni, akalia juu ya kitambaa.

"Usinilowanishie satini," mama yake alimwambia. "Hapa nasikia kila kitu. Utakaposema ndiyo, nitaisikia."

"Sitaki uisikie, mama. Nataka uwe pembeni yangu."

"Inua mkono nione kwapa."

Binti akainua mkono, anaendelea kulia. Mimi nikaenda kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Hapo ndipo Kamati ilipoonyesha uadilifu wake. Mtu mmoja alinong'ona kwamba Mama Fundi ameonewa, na Mwenyekiti hakuweza kuvumilia tuhuma ya upendeleo. Akaagiza wote wahakikiwe, kwa usawa. Kinyozi alikutwa na umbea, na akajitetea kwamba kinyozi asipopiga umbea wateja wanasinzia na wembe unakuwa hatari. Kiti chake kilikuwa rahisi, nilikisukuma tu. Mwalimu wa shule alikutwa na wivu juu ya baiskeli ya mwenzake. Waimbaji wa sauti ya kwanza walikutwa na majivuno, wa sauti ya pili wakakutwa na kinyongo juu ya majivuno hayo, na kwaya nzima ikatoka kwa mkupuo mmoja. Fundi viatu, yule wa kusema unapotea, alikutwa amefurahi kupita kiasi kuona wokovu wa wenzake unapotea. Muuza mkaa, yule wa haupotei, alitolewa kwa kukataa kuamini kwamba ametolewa.

Kitengo changu kilikua haraka. Niliomba msaidizi, nikapewa kata ya kichwani. Kila jioni Mwenyekiti alisoma tathmini akiwa ndani, kwa sauti iliyokuwa inagonga kuta na kumrudia.

"Zoezi limefanikiwa kwa kiwango cha kuridhisha. Idadi ya waliopotea imeongezeka kuliko matarajio."

Nje hali ilikuwa tofauti. Kwaya iliimba vizuri zaidi, labda kwa sababu hakuna aliyekuwa na cha kujivunia tena. Fundi viatu na muuza mkaa walijikuta bega kwa bega, viti havina nafasi ya kununiana, wakarudia ubishi wao.

"Si nilikwambia unapotea?" alisema fundi viatu. "Mbona tuko nje?"

"Tuko nje ya ukumbi, shemeji. Nani kakwambia Mungu anakaa ukumbini peke yake?"

Walikuwa kweli mashemeji, muuza mkaa kaoa dada yake, lakini hilo walikuwa hawajalitaja siku nyingi. Wakamgeukia Mama Fundi awaamulie.

"Mimi sijasoma hayo," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Ninachojua, huyu binti ananiudhi. Alishawahi kuniambia maneno ambayo sitayarudia mbele ya kwaya. Nikamgombeza, na jioni tukala sahani moja. Sijawahi kuitisha kikao kuamua kama bado ni mwanangu."

"Umesikia?" muuza mkaa akamgusa mwenzake ubavuni. "Haupotei."

"Na akihama kabisa, mama?" fundi viatu alisisitiza. "Akisema hakutaki, hakujui?"

Mama Fundi akatoa pini moja mdomoni. "Hapo nitalia. Lakini mlango sitaukomea."

"Umesikia? Kumbe kuna kuhama."

Kila mmoja akaridhika kwamba ameshinda, wakasalimiana vizuri kwa mara ya kwanza. Nilitaka kuripoti tukio hilo kwa Kamati, ila sikujua liingie kwenye fungu gani.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Ndani walikuwa wamebaki Mwenyekiti, mke wake, na Katibu. Bibi harusi alifika na gauni lake, akasimama kibarazani kwenye umati, akashika mkono wa mama yake na kukataa kuuachia. Bwana harusi, fundi bomba, alisema yeye atasimama popote patakaposimama bibi harusi, hata kwenye tangi.

Mwenyekiti akatoa kichwa mlangoni. "Bibi harusi aingie. Mama yake abaki. Kanuni iko wazi."

"Siingii," alisema binti.

"Basi hakuna ndoa."

Mama Fundi akamwambia binti yake taratibu, "Nenda, mwanangu. Usiharibu siku yako kwa ajili ya kiti changu." Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vimekaza zaidi.

Ndipo mke wa Mwenyekiti akainuka. Alikuwa mwanamke mkimya, wa kukaa mstari wa mbele na kuitikia.

"Mume wangu, uliza kwanza kama wewe mwenyewe umehakikiwa wiki hii."

Mwenyekiti akasema bila shaka amehakikiwa, na kwamba kwa mujibu wa kanuni aliyoitunga mwenyewe, kila aliyeokoka huthibitishwa na wenzake wawili waliookoka. "Wewe na Katibu mko hapa. Semeni kwamba sina hasira, tuendelee."

Alilisema hilo mishipa ya shingo imemsimama.

Katibu akalegeza tai. "Mzee, nikisema huna hasira, nitakuwa nimesema uongo, natoka. Nikisema unayo, unatoka wewe. Nimefikiria niseme uongo. Kwa kuwa nimeshafikiria, bora nitoke na kiti changu tu." Akakikunja kiti chake, kile cha kukunja, akapita. Hakunisubiri hata nimsaidie, jambo ambalo kikazi si sahihi.

"Mama watoto," Mwenyekiti alisema.

"Mimi nimetamani," mke wake alisema. "Tangu kwaya itoke, kila ibada natamani kukaa nje na wenzangu. Kutamani si dhambi? Babu, nibebee kiti."

Nikambebea. Niliporudi nilimkuta Mwenyekiti peke yake katikati ya ukumbi, na kiti chake kikubwa cha mikono miwili chenye kitambaa chekundu.

"Babu," aliniita, "wewe umeokoka?"

"Nafikiri hivyo, mzee. Ila kiti changu hakijawahi kuingia humu. Mimi hukaa kwenye ngazi."

"Basi nithibitishe."

"Kanuni inataka wawili, mzee. Na mimi sijathibitishwa na yeyote."

"Ninaitisha Kamati iwarudishe wajumbe ndani."

"Akidi haipo, mzee."

Alikaa chini. Sikuwahi kumwona mtu aliyebaki na wokovu peke yake, na ninachoweza kusema ni kwamba haukumpendeza.

Wakati huohuo Mchungaji alifika kutoka safarini na mkoba wake, akakuta kanisa lote limekaa kibarazani, limevaa nguo za harusi. Akadhani ni kwa sababu ya joto.

"Mmefanya la maana," alisema, akaweka mkoba juu ya cherehani. "Ndani huwa kama tanuri. Kuna mtu amebaki huko?"

"Yupo aliyeokoka, Mchungaji," nilimjibu.

"Mmoja?"

"Kwa mujibu wa uhakiki, ndiyo."

Mchungaji akanitazama, akaitazama kwaya, akamtazama Mama Fundi na mkono wa binti yake. Alielewa sehemu, na sehemu nyingine nadhani aliamua kutoielewa siku hiyo. "Mwambieni aje upesi, tunaanza. Nani anamsindikiza bibi harusi?"

"Mimi," alisema Mama Fundi. "Ila nimepotea."

"Mbona nakuona?" alisema Mchungaji. "Njoo mbele."

Nikaenda kumleta Mwenyekiti. Alikuwa mtu wa taratibu hadi mwisho. Alisimama, akafungua kikao kwa sala, akawasilisha hoja dhidi yake mwenyewe, akaijadili kwa sauti ya chini kwa muda, akaipitisha bila kupingwa. Kisha akanipa ishara. Kile kiti kilikuwa kizito kuliko vyote. Mlangoni kilikwama, ikabidi Mwenyekiti mwenyewe akisukume kwa nyuma, amevaa suti yake mpya, huku watu wa nje wakimwambia kushoto kidogo, mzee, kushoto. Kwenye kibaraza nafasi ilikuwa imejaa. Mama Fundi, aliyekuwa tayari amesimama na binti yake, alimwambia, "Weka pale pangu, mzee, mimi kwa sasa sikai." Mwenyekiti akaweka. Ndoa ikafungwa, na mama alikuwa pembeni.

Baada ya hapo Kamati haikukaa tena, maana hapakuwa na wa kuiitisha, na haikuvunjwa rasmi, kwa sababu hiyohiyo. Katibu alipata kazi kwenye ofisi ya vipimo. Binti na fundi bomba walihamia mtaa wa pili, na mtoto wao wa kwanza anafanana na bibi yake kwa masikio. Fundi viatu na muuza mkaa bado wanabishana, ila kwa zamu. Kinyozi alipanua duka. Mama Fundi aliombwa ashone mapazia ya ukumbi, akasema wayafuate Ijumaa. Viti vilirudi ndani mvua zilipoanza, nami nilivibeba vyote bila cheo, kisha nikahama mji. Mke wa Mwenyekiti aliimba sauti ya pili mpaka nilipoondoka. Mwenyekiti aliomba apewe jukumu lolote, akapewa kufagia ukumbi, na wanaomwona wanasema anafagia vizuri, hata chini ya viti vya watu.