Visanduku Viwili, Wakubwa Wawili

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya meneja, na sina wa kumsingizia. Nimemtafuta njia yote kutoka Industrial Area mpaka hapa saiba ya Buruburu, ninapolipia kompyuta kwa dakika. Sijampata.

Nyinyi tuliosoma pamoja darasa la jioni mnanijua. Mimi ni kibarua katika kiwanda cha biskuti. Kila asubuhi tunasimama getini tukichaguliwa kama nyanya. Nilianza kwa kubeba magunia ya unga, halafu kwa sababu ya ile kozi yetu (ambayo nusu yake haikuniingia, mnakumbuka) wakawa wananiita ndani kuvuta waya za kompyuta. Wiki iliyopita meneja, Bwana Kimeu, akaniambia: "Barasa, hii kazi ya visanduku ikienda sawa, nakuandika."

Kuandikwa! Hakuna tena geti! Nilisita kumwambia mke wangu. Nikamwambia.

Visanduku vyenyewe ni swichi mbili za mtandao, zinazounganisha kompyuta zote za kiwanda, zimekalishwa moja juu ya nyingine. Kwa nyuma zimeunganishwa na waya nene, basi zinafanya kazi kama kitu kimoja: moja mkubwa, nyingine mdogo. Mkubwa akifa, mdogo anashika kazi. Kiwanda kimezinunua kwa sababu watu wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kila kitu kitazima. (Sijui. Vitu vyangu mimi huzima bila kungoja mwaka.)

Shida ni moja. Ile waya nene ikikatika, mdogo anadhani mkubwa amekufa, anajitawaza. Na mkubwa yuko hai, hana habari. Sasa una wakubwa wawili wenye anwani moja, na kompyuta hazijui zimsikize nani. Ndiyo maana kuna waya nyingine, nyembamba, ambayo kazi yake ni kuuliza tu: mwenzangu, uko hai? Jibu likija, mdogo anajizima kwa adabu, na kazi inaendelea kwa mkubwa, kwa kuwa ofisi na godauni zina waya kwenye visanduku vyote viwili.

Mipangilio yote aliiweka mtaalamu kutoka mjini, na aliiweka vizuri. Mimi niliachiwa waya. Akaniambia, "Hii nyembamba ipite njia yake peke yake. Isishikane na ile nene."

Aliniambia. Siwezi kusema hakuniambia.

Lakini jana jioni niliziangalia zinavyoning'inia, moja huku, moja kule, nikaona haya. Meneja anakuja kukagua! Nikachukua kamba ya katani nikazifunga pamoja kwa fundo la gunia la unga, lile ambalo hata gunia lianguke kutoka kwa lori halifunguki. Zikapendeza. Nilizitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake amevaa yunifomu siku ya kwanza. (Kile kichwa cha waya nyembamba kilikuwa kimevunjika kiulimi chake cha kushikilia. Nilikiona. Nikasema nitakibadilisha.)

Leo asubuhi tukajaa katika chumba cha visanduku. Bwana Kimeu, wazee wawili wa ofisi, na Mueni, karani ambaye karatasi za kupakia malori hutoka kwa mashine yake, mle mle chumbani.

"Haya Barasa, tuonyeshe."

"Bosi, sasa nitakata mawasiliano makusudi. Mtaona hakuna kitakachoharibika."

"Umejaribu kabla?"

"Ndiyo, bosi."

(Nilikuwa nimejaribu. Kabla ya kamba. Nilisema ukweli, lakini si wote.)

Nikaishika waya nene nikavuta. Kwa nguvu, kama mtu anayejua anachofanya. Kisha nikauinua ule mzigo wote wa waya juu waone vizuri, nikaanza kuhubiri.

"Hii nyembamba mnayoiona hapa ndiyo mlinzi. Saa hii inauliza kama mkubwa yuko hai."

Bwana Kimeu akainama kutazama. "Mbona taa ya mkubwa imewaka kwa vyote viwili?"

Hapo ndipo ningepaswa kufunga mdomo. Sikufunga.

"Ni kawaida, bosi. Kimoja kinaaga kingine."

(Kinaaga! Mungu wangu.)

"Mashine yangu imeganda," Mueni akasema kutoka mezani kwake. "Ngoja, imerudi. La, imeganda tena."

Nje lori likapiga honi. Likafuata jingine. Dereva mmoja akachungulia dirishani: "Nyinyi, mnatoa karatasi ama mko maombi? Biskuti zitazeekea hapa!"

"Ni kitu kidogo," nikasema, mkono bado juu. "Hii nyembamba inaamua sasa hivi."

"Barasa," Bwana Kimeu akasema polepole. "Hiyo nyembamba inaulizia wapi?"

"Hapa, bosi." Nikamwonyesha kichwa chake.

Kichwa chake kilikuwa kati ya vidole vyangu. Hakijachomekwa popote! Nilipovuta ile nene, fundo la gunia lilikuja na nyembamba pia, na muda wote huo nilikuwa nimeishika hewani nikiisifu.

Mueni alijitahidi asicheke, lazima nimpe haki yake. Alijiziba mdomo na faili. Dereva hakujitahidi. "Fundi amemkaba mlinzi shingo!" akapiga kelele, na huko kwa malori nikasikia maneno yakipokelewa na kupelekwa mbele.

Nikachomeka zote kwa pupa. Visanduku vikakutana tena, vikagundua kuna wakubwa wawili, ikabidi kimoja kijizime na kuwaka upya. Kilichukua muda wake. Tulisimama tukikitazama kama watu wa matanga, honi zikilia, na mimi nikifungua lile fundo kwa meno kwa sababu vidole vilikataa.

Kazi ikarudi. Vifaa havikuwa na kosa lolote, hilo niliandike wazi.

Bwana Kimeu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alingoja wengine watoke.

"Nilikuuliza kama umejaribu."

"Ndiyo, bosi."

"Basi kesho uje getini na wenzako."

Nimelifikiria hilo neno njia yote. Angeweza kuniambia nisije kabisa; hakusema hivyo. Nikajiuliza, ningekuwa yeye, ningemwandika mtu kama mimi? Nadhani la. Nimejaribu kujibu vingine, nimeshindwa.

Sasa nimekaa hapa saiba nikiandika polepole, kwa sababu mke wangu amewaita watu wa kanisa waje tushukuru. Chekeni kama ni lazima, lakini mmoja wenu aniambie kwanza: kuku akishachinjwa kwa ajili ya kazi ambayo haipo, unawaambia wageni kabla hawajala, ama baadaye?