Mashati Kumi na Mawili ya Mwalimu Lukumani

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Leo nimeanza kujitolea katika programu ya vijana ya hapa mtaani kwetu, komini ya Tshopo. Nafundisha ushonaji. Sijawahi kushona. Lakini marehemu papa, baba yangu, alikuwa fundi cherehani anayejulikana, na mambo haya hukaa kwenye damu. Papa Isaïe, msimamizi wetu, hakuuliza mengi. Alisema tu kwamba hivi karibuni atachagua mtu wa kuongoza kituo kipya cha Yangambi. Mkuu wa kituo! Nina mpinzani mmoja tu: Prudence, anayefundisha kutengeneza sabuni. Sabuni!

Jumanne, 8

Wanafunzi tisa. Nimewaambia siku za kwanza ni za maneno tu, mashine baadaye. Nuru, msichana wa miaka kumi na minane aliyeacha shule ili alee wadogo zake watatu, aliuliza kwa heshima kwa nini nimetia uzi kinyume kwenye cherehani. Nikajibu nilikuwa nawapima akili. Wa kuchungwa, huyu.

Jumatano, 9

Ushindi! Nimepata kazi ya kweli. Shule ya jirani inataka mashati meupe kumi na mawili ya watoto. Wazazi wameleta kitambaa wenyewe. Prudence alinipongeza, kisha akauliza nani atakata. Mimi, bien sûr, bila shaka. Wivu tu.

Alhamisi, 10

Nimepima mtoto mmoja, aliyekuwa mbele kwenye mstari. Nuru akasema watoto hawalingani. Nikamweleza kwamba fundi mkubwa anaona kwa jicho. Kufikia saa sita nilikuwa nimekata yote. Kasi ya ajabu!

Ijumaa, 11

Yule mtoto ndiye mdogo kuliko wote. Tumebana vipande kwa pini na kuwajaribisha watoto: shati limemtosha yeye peke yake. Wengine hata mikono haikupita.

Papa Isaïe akaingia, akaona vipande mezani. "Bon, haya. Nani alikata hii?"

Mkasi ulikuwa mkononi mwa Nuru. Nilinyamaza. Kunyamaza si kusema uongo. Papa akamwambia asirudi tena. Nuru aliweka mkasi mezani polepole, akanitazama.

"Mwalimu anajua," akasema. Akaenda.

Msikitini sikusikia neno hata moja.

Jumamosi, 12

Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, ikanifikisha kwa kina Nuru. Nilipanga kumshauri atafute ufundi mwingine. Nikamkuta anawagawia wadogo zake pondu, majani ya muhogo. Yule wa mwisho akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu wa yaya yake, dada yake mkubwa, na kama mashati yamekwisha. Hawakujua. Nuru hakuwaambia. Walinipa kiti, nikakaa.

Nimerudi kwa miguu mpaka kwa Papa Isaïe. Nikasema yote: nilikata mimi, sijui kushona, sijawahi kujua.

Papa akauliza: "Na ule mutoto, ulimuacha aende?"

Ndiyo, papa. Nilimwacha.

Jumatatu, 14

Papa Isaïe alikwenda mwenyewe kumrudisha Nuru. Mimi nimepewa ufagio. Nuru amepima watoto wote, mmoja mmoja, Prudence akimwandikia. Vipande vyangu ameviongezea kitambaa cha bluu ubavuni, masalio ya sketi za shule, rangi ile ile ya sare. Tangu leo yeye ndiye anayefundisha.

Nilimwomba msamaha mbele ya wote. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Jumanne, 15

Prudence amepewa Yangambi. Ni haki. Nimefagia ua mzima nikiyafikiria maisha yangu. Mtu anapaswa kukubali asichokijua. Nimeapa.

Papa Isaïe amempeleka Prudence kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, watakaa huko siku tatu. Ofisi ameachiwa Mama Clémence, mgeni, ambaye hanijui kabisa. Saa nne akatoka barazani amechanganyikiwa: fundi anayefundisha vijana kutengeneza pikipiki ameugua, na vijana kumi na wanne wanasubiri.

Pikipiki! Nimezipanda tangu utotoni, nyuma ya dereva, karibu kila siku. Nimeegesha ufagio ukutani. Nimemwambia mama asihangaike.

Kesho naanza na breki.