Inchi Sita za Mwenyekiti

Ushirika wa Chai wa Chemorut ulitangaza, kwa barua yenye mihuri mitatu na nakala kwa kila aliyestahili nakala, kwamba enzi ya makoti yasiyoeleweka imefika mwisho. Wajumbe saba wa kamati kuu wangevaa koti la aina moja, kijani cha jani changa, katika Mkutano Mkuu wa Wakulima. Koti hilo, barua ilisema, lingekuwa nguzo ya uwazi na uwajibikaji. Haikueleza vipi. Barua yenye mihuri mitatu huwa haielezi.

Kazi ilipewa Waringa, fundi wa cherehani sokoni Roret, ambaye watu wengi humwita Mama Cate. Hakuiomba. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya jengo la ushirika, na mwenyekiti, Mzee Isaiah Chepyegon, alimweleza mambo kwa ufupi: makoti yakikaa vizuri, veranda ni yake mpaka azeeke, yasipokaa, wiki hiyo hiyo ahame. Waringa alikuwa pale miaka kumi na minne. Cate, kitinda mimba wake, alijifunza kusimama kwa kushika miguu ya cherehani ile. Kwa hivyo hakubishana. Aliivaa tepu shingoni, akangoja.

Mwenyekiti alifika Jumatatu akiandamana na katibu wake, Zacheus Gekara, aliyebeba faili kwapani na koti kuukuu la mwenyekiti mkononi. Katibu alisoma utaratibu. Fundi angepima, kisha angemnong'onezea katibu, na katibu angeandika. Hakuna namba ambayo ingetamkwa kwa sauti, kwani mwili wa mwenyekiti ulikuwa taarifa ya ofisi.

Waringa akaanza. Mabega, kutoka mfupa hadi mfupa. Kifua, chini ya makwapa, mikono ikiwa imeshuka. Mkono, hadi kwenye kifundo. Alipofika tumboni aliizungusha tepu pale palipo panene zaidi, akaweka vidole viwili ndani yake ili nguo ipate nafasi. Mwenyekiti akavuta pumzi na kuificha mahali. Waringa alingoja. Alikuwa amelea watoto watatu, na kungoja mtu aliyebana pumzi kulikuwa kazi aliyoizoea. Dakika moja ilipita, uso wa Mzee ukabadilika rangi, na tumbo likarudi nyumbani.

Akamnong'onezea katibu: inchi hamsini. Katibu akaandika kwa kalamu, akafuta, akaandika tena kwa penseli.

Halafu likaja koti kuukuu. Waringa alilitandaza mezani, akafunga vifungo, akalinyoosha kwa viganja, akapima kutoka ubavu hadi ubavu. Ishirini na mbili. Mara mbili, arobaini na nne. Mwenyekiti alisema koti hilo linamkaa barabara tangu achaguliwe mara ya kwanza, miaka kumi na mmoja iliyopita. Waringa akataka kujua ni lini alilifunga vifungo mara ya mwisho. Katibu akasema swali hilo halimo kwenye ajenda.

Kwa kuwa koti na mwenye koti walitofautiana, kamati iliitwa Jumatano. Ilikaa saa tatu, na mandazi yaliagizwa mara mbili. Mjumbe wa Kiptere alidhani koti lilinywea baada ya kunyeshewa. Wengine walimkumbusha kwamba koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mmoja kwa miaka kumi na mmoja bila kuhudhuria harusi hata moja, ilhali mwili ulizihudhuria zote. Iliamuliwa basi kwamba koti ni shahidi wa kuaminika. Kosa lilikuwa la mwili, na mwili ungerekebishwa.

Ndipo katibu alipokumbuka kwamba ushirika tayari ulikuwa na njia iliyojaribiwa. Kwenye kituo cha majani, kila mkulima akitua mzigo, karani hupima, kisha hukata kilo moja ya gunia, kilo moja ya unyevu, na kilo moja ya mengineyo. Hakuna mkulima aliyewahi kuthibitisha kwamba makato hayo si sahihi, kwani mizani ni ya ushirika. Mwenyekiti naye akatwe vivyo hivyo. Shati na fulana, inchi moja. Unyevu, kwa kuzingatia mvua ya huku kwetu, inchi mbili. Kiamsha kinywa, inchi tatu. Jumla sita. Katibu alitoa sita kwenye hamsini, na mwili ukakubaliana na koti bila hata robo inchi ya ugomvi.

Wajumbe walipiga makofi. Kwa ajili ya haki, kila mmoja wao alikatwa inchi sita, pamoja na mjumbe wa Kiptere, ambaye hakuwa na inchi za kugawa.

Waringa alipoletewa vipimo rasmi alivisoma mara mbili. Alimweleza mwenyekiti kwamba koti hutakiwa kuuzidi mwili kwa inchi nne hivi, si kupungukiwa na sita. "Mzee, hili koti halitavaliwa na faili," alisema. "Litavaliwa na wewe."

Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba wataalamu walishaketi.

"Basi niandikieni."

Aliandikiwa. Mihuri mitatu. Aliikunja barua, akaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano.

Nelvine, jirani yake anayechuma chai upande wa pili wa kijito, alipita alasiri hiyo kuleta sketi ya kubadilishwa zipu. Aliiona barua droo ikiwa wazi, akaisoma, akacheka mpaka akakalia gunia la vitambaa. Asubuhi hiyo alikuwa amebeba majani kilo thelathini na moja, na alikuwa na uhakika, maana aliyapima kwanza kwenye mizani ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Kwenye kituo aliandikiwa ishirini na nane.

"Kwa hivyo yeye pia amekatwa unyevu?" aliuliza.

"Inchi mbili."

"Na chai ya asubuhi?"

"Inchi tatu."

"Mimi nilienda kituoni bila chai, Mama Cate, na bado wakanikata." Hapo kicheko kilimwisha. Alimwangalia Waringa, akaangalia veranda. "Na hicho kitambaa usikate hivyo. Atapasuka, halafu wewe ndiwe utafukuzwa."

Waringa alikitandaza kitambaa mezani. Kisha alichukua mkasi, akakata koti la mwenyekiti kwa inchi hamsini na nne, kama linavyopaswa kukatwa, na akalishona kwa arobaini na nne, kama alivyoandikiwa. Kitambaa kilichobaki alikikunja ndani ya mishono, akakifunika kwa bitana. Ndivyo anavyoshona sare za shule, kwa sababu mtoto atakua. Mwenyekiti alikuwa ameshakua, ila hakuna aliyemwambia.

Siku ya mkutano wakulima walijaa uwanjani mpaka kwenye michai. Wajumbe saba walikaa jukwaani ndani ya kijani kibichi, mikono ikiwa imeinuka mbele yao kama watu wanaongoja kupewa mtoto wabebe. Hakuna aliyeweza kuishusha. Mgeni rasmi, mama mmoja mkaguzi kutoka Kericho, aliwauliza kama wako sawa. Walisema wako sawa, kwa sauti ndogo, kwani sauti kubwa inahitaji mbavu.

Mwenyekiti alisimama kuzungumzia uwazi. Alipoinua mkono kuonyesha jinsi ushirika ulivyopanda, kifungo cha katikati kilijiuzulu. Kiligonga kipaza sauti, na mlio wake ukasikika hadi barabarani. Mshono wa mgongo ukafuata, polepole, kutoka chini kwenda juu.

Aliita fundi. Waringa alipita katikati ya watu wote wale, mkoba mkononi, akijua kwamba anatembea kuelekea kupoteza veranda yake. Mwenyekiti aliuambia mkutano kwamba mama huyu amemwibia kitambaa na kumshonea koti la mtoto.

Waringa akatoa barua. "Nilishona vile mliniandikia, Mzee. Shati moja, unyevu mbili, kiamsha kinywa tatu. Mihuri ndiyo hii."

"Unyevu gani?" Mwenyekiti alisahau kipaza sauti kilichokuwa mbele yake. "Utakataje mtu unyevu? Kitu nimekuja nacho mwenyewe ni changu. Kipimwe chote vile kilivyo."

Halafu mtu mmoja upande wa nyuma alipiga makofi, na mwingine, na makofi yakaja mbele kama mvua inavyoteremka mlimani. Mwenyekiti alifurahi kuona wakulima wako upande wake. Akarudia, sasa kwa sauti ya kampeni: anayekata kipimo cha mwenzake ni mwizi.

"Naunga mkono," alisema Nelvine, akiwa amesimama katikati ya watu. "Na naongeza: kila kipimo kisomwe kwa sauti, mwenye mali akisikia."

Mkaguzi alimgeukia katibu na kumwambia aandike. Katibu, ambaye maishani mwake hajawahi kuambiwa aandike asiandike, aliandika. Mikono ilipoitwa, iliinuka mikono ya uwanja mzima, pamoja na kumi na minne ya jukwaani, iliyokuwa juu tayari.

Ni hapo mwenyekiti alipoanza kuelewa. Alimgeukia Waringa, akamuuliza kwa sauti ya chini kitambaa chake kiko wapi.

Waringa alichana bitana mgongoni pake kwa wembe, akakikunjua kijani kilichofichwa mle, mkunjo baada ya mkunjo. "Chako chote kiko hapa ndani," alisema, na kipaza sauti kikamsaidia. "Sikukukata hata inchi moja. Sasa kilo za Nelvine, Mzee, ziko kwenye mshono gani?"

Swali hilo pia halikuwa kwenye ajenda, lakini katibu aliliandika.

Asubuhi iliyofuata karani alipima majani ya Nelvine, akasoma kwa sauti ishirini na tisa na nusu, akaandika ishirini na tisa na nusu. Mkono wake uliandika polepole, kwani haukuwa umezoea.

Habari ya kuhamisha cherehani haikutajwa tena. Koti lilikuwa kwa Waringa, likiwa vipande, na mwenye koti alilihitaji. Wiki iliyofuata mwenyekiti alikuja verandani bila katibu na bila faili, akakuta wateja watano, akaambiwa apange foleni. Zamu yake ilipofika alishusha mikono bila kuambiwa. Aliomba tu kwamba, kama inawezekana, anong'onezewe.

Waringa alimwonyesha azimio la mkutano, lililobandikwa ukutani juu ya cherehani. Kisha akaweka vidole viwili ndani ya tepu.

"Pumua, Mzee."

Akapumua.

"Hamsini na moja," Waringa alisoma, hadi wauza kabeji ng'ambo ya barabara wakageuka.

Mwenyekiti alieleza kwamba hiyo moja ni ya kiamsha kinywa.

"Hapa haikatwi," alisema Nelvine kutoka kwenye foleni, sketi nyingine mkononi.