Mwizi Hasalimii

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mama Limi, mwenye karasha hili la kusaga mawe ya dhahabu hapa Katoro, amekwenda msibani Ushirombo. Ijumaa akirudi ndipo ataamua: nimefaulu muda wa majaribio, au narudi kwa baba kuchunga ng'ombe. Kwenye barua pepe nimeweka jibu linalojituma lenyewe: bosi yuko msibani, karani ni Telesphori. Nimebaki na Vaileth wa mapokezi. Huyo naye! Barua ikiingia tu, anampigia simu mwandishi kumwuliza kama kweli ni yeye. Vocha zote zinaishia huko. Hana hata diploma.

Jumanne, 10 Juni
Nimebandika tangazo ukutani: JINSI YA KUMTAMBUA TAPELI. Kanuni kuu nimeitunga mwenyewe: mwizi ana haraka, hasalimii. Vaileth alisoma, akauliza mwizi aliyelelewa vizuri nimemweka namba ngapi. Wivu mtupu.

Jumatano, 11 Juni
Tapeli kajileta! Anwani ngeni, eti ni Mama Limi. Salamu hakuna. "We Telesphori, mashine imepona? Jibu haraka." Haraka! Nikamjibu kwamba ni mwizi, mtoto wa mwizi, aende akalime pamba.

Mchana ikaja barua ya mstaarabu, Bwana Gregory, wa kampuni inayotunza barua pepe zetu. Shikamoo, kwa kijana kama mimi! Pole ya msiba, kumbe anatufahamu. Akaulizia hali ya wazazi wangu. Nani huulizia wazazi siku hizi? Alihitaji neno la siri la ofisi kwa uhakiki. Nikampa, nikaongeza kwamba baba hajambo. Vaileth alitaka kumpigia. Nilimwambia asitutie aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Mzee Mayala kafika na mifuko yake ya mawe, anadai asipange foleni. Eti barua ya ofisi yetu ilimtaka alipie nafasi mapema, naye kalipa. Kwa nani? Kwa Gregory! Barua hiyo imekwenda kwa wateja wote. Mzee aliniuliza, mbele ya watu, kama diploma yangu nayo inasaga mawe. Nikakimbilia chooni. Nilipotoka, Vaileth alikuwa amewapigia wote, na Mama Limi pia. Hakuna mwingine aliyelipa. Sasa anatembea kama mkurugenzi.

Ijumaa, 13 Juni
Mama Limi karudi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alisema barua ya Jumatano aliiandika kwa simu ya Limi, binti yake, na kwamba marehemu baba yake hakuwa mwizi. Majaribio yameongezwa: nitapokea mifuko nje, vumbini, na hasara ya Mzee Mayala itakatwa kwenye mshahara wangu. Kompyuta kapewa Vaileth! Kabandua tangazo langu, kabandika lake: PIGA SIMU KWANZA. Halina hata utangulizi.

Jumamosi, 14 Juni
Waungwana bado wapo. Kwenye simu yangu imeingia barua ya Bwana Sostenes, wa kitengo cha kurejesha fedha za waliotapeliwa. Kaniamkia, kanipa pole, kawalaani matapeli vizuri kuliko padri. Anahitaji tu neno langu la siri na picha ya kitambulisho. Vaileth angempigia, mshamba yule. Mimi nilimpima kwanza kisomi: nikamwuliza baba yangu anaendeleaje.

Kajibu papo hapo: mzee hajambo, anakusalimu.

Nimetuma.