Nui Ajishitaki Mbele ya Mwamuzi

Gazeti lilipotufikia pale kwenye duka la kahawa la Shangazi Sui lilikuwa tayari limelowa mafuta ya nguruwe wa kuchoma. Dam kinyozi akalisoma kwa sauti, utadhani anatangaza mpira redioni.

"Mchezaji wa snuka, mchezo wa kusukuma mipira ya rangi mezani kwa fimbo, kutoka mji wetu wa Trang, Nui, nambari tisini na nne duniani, ametolewa raundi ya kwanza huko Uingereza..."

"Hiyo nayo habari?" Uan akadakia, andazi mdomoni. Uan anauza durian, yale matunda ya miba yenye harufu kali, na tumbo lake hufika dukani kabla yake. "Nui kutolewa raundi ya kwanza ni kama kuandika jua limechomoza. Raundi ya pili mwenyewe huwa anaitazama kwenye simu!"

"Tulia, bonge, sijamaliza. Kajitoa mwenyewe! Mchezo wa mwisho, wamelingana, mezani imebaki mipira miwili na zamu ni yake. Kainama. Kizibao chake kikagusa mpira wa pinki. Mwamuzi hakuona. Mpinzani hakuona. Kamera haikuona. Nui kasimama, kasema, 'Nimeugusa.'"

Vikombe vilishuka mezani vyote.

"Kamwambia nani?" Uan akauliza.

"Mwamuzi!"

"Bila kupigwa?"

"Bila hata kuulizwa! Kugusa mpira kwa nguo ni kosa, basi mwenzake akapewa pointi sita, akamaliza meza. Na kwa kushindwa huko Nui ndiyo basi tena, katolewa kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa."

"Zoba yule!" Uan akapiga meza. "Kaanza kuchezea meza iliyopinda kule nyuma ya kiwanda cha barafu. Kaenda Ulaya, miaka kumi anakula maharage ya kopo, wanalala wanne chumba kimoja juu ya duka la kinyozi. Halafu siku ya kujiokoa anageuka polisi wa nafsi yake!"

"Nyie ndio mnaoharibu nchi hii," akasema Mwalimu Charun. Amestaafu, lakini hotuba zake bado ziko kazini. "Kijana ametuheshimisha. Nambari tisini na nne duniani, Uan! Wewe ni wa ngapi duniani kwa kuuza durian mbichi huku ukiapa zimeiva?"

"Mwalimu, usiniingilie biashara."

"Ukweli, wanangu, ukweli ndio..."

"Shikamooni."

Wote tuligeuka. Nui alikuwa mlangoni, amevaa kandambili, macho yamevimba kwa usingizi. Alikuwa ameingia mjini juzi kwa treni. Shangazi Sui, aliyemlea, alimwekea kahawa bila kuulizwa, akatukazia macho mmoja mmoja.

"Bingwa!" Uan akanyanyuka, mikono wazi. "Sasa hivi tu tulikuwa tunakusifu!"

"Nimewasikia tangu nilipokuwa kule kwa muuza samaki, mjomba."

Dam akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Uan akakaa taratibu.

"Haya, tuambie, mwanangu," akasema. "Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu niliugusa."

"Nani aliona?"

"Mimi."

"Wewe si mtu! Nasema mtu!"

Nui alikoroga kahawa yake. "Baada ya mechi nilijifungia chooni nikalia, mpaka mfagiaji akagonga kuuliza kama naumwa. Kila nikiamka najuta. Ila mpira ulisogea, mjomba. Ningeuambia nini? Urudi?"

Uan akalirudia andazi lake.

"Safi kabisa!" Mwalimu akampiga Nui begani. "Mji huu unahitaji watu kama wewe. Sasa unafanya nini?"

"Nimeshapata kazi ndogo. Chama cha wafuga ndege kimeniomba niwe mwamuzi Jumapili, kwenye mashindano ya ndege waimbaji."

Dam akakunja gazeti. Mwezi uliopita mashindano hayo yaliisha kwa ngumi. Ndege wa Mwalimu ameshinda mara tatu mfululizo, mwamuzi akiwa shemeji yake. Ndege wa Uan anaimba vizuri sana, hasa simu iliyo mfukoni mwa shati la Uan inapomsaidia kwa sauti ya ndege mwingine.

"Jumapili hii?" Mwalimu akauliza. Mkono ulikuwa umeshatoka begani.

"Hii hii. Wamesema hawataki mtu wa kufumba macho."

"Mwanangu, umetoka safari ndefu. Pumzika kwanza. Mwaka huu wote pumzika." Mwalimu akachukua mwavuli wake na kuondoka, kahawa kaiacha nusu.

"Sina uchovu, mwalimu!" Nui akamwitia. Kisha akamgeukia Uan. "Nawe mjomba utamleta ndege wako?"

"Mimi? Jumapili nina safari."

"Ya wapi?" akauliza Shangazi Sui.

Uan alikuwa ameshafika barabarani. "Bado sijajua!"